Ngoma za Buha na Okestra za Tanzania

Buha, nchi ya Waha, iko kwenye nyanda za juu zinazopanda kutoka Ziwa Tanganyika hadi mpaka wa Burundi. Kabla ya ukoloni ilikuwa na falme kadhaa, kila moja chini ya mwami wake. Kasulu ya leo iko katika iliyokuwa Heru, Kibondo iko Muhambwe, na Kakonko iko Buyungu. Chini ya mwami walikuwapo watware waliosimamia maeneo madogo, na kati ya mwenye ng'ombe na asiye nao kulikuwa na mkataba wa ubugabire: mkubwa anatoa ng'ombe, mdogo anatoa utumishi na utii. Falme hizo zilifanana na zile za Burundi kwa lugha, kwa ufugaji na kwa namna ya kutawala. Mha na Mrundi husikilizana bila mkalimani hadi leo.

Katika utawala wa aina hiyo ngoma haikuwa chombo cha kila mtu. Kama ilivyokuwa katika falme nyingi za Maziwa Makuu, ngoma kubwa zilihesabiwa miongoni mwa alama za ufalme pamoja na ng'ombe na mkuki. Aliyezishika ndiye aliyetawala. Kwa Warundi jambo hilo linajulikana zaidi kwa sababu ngoma zao zilidumu hadi enzi ya kinasa sauti. Karyenda, ngoma takatifu ya mwami wa Burundi, ilikuwa na heshima yake na watunzaji wake, na sherehe ya umuganuro, ya kufungua msimu wa kupanda mtama, haikuwezekana bila ngoma. Gishora, karibu na Gitega, ni moja ya mahali palipohifadhi ngoma hizo chini ya ukoo uliokabidhiwa kazi hiyo.

Utengenezaji wake unaeleza mengi kuhusu sauti yake. Gogo la mringaringa, mti ambao Warundi huuita umuvugangoma, huchimbwa ndani mpaka libaki ganda. Mdomoni huwambwa ngozi ya ng'ombe ikiwa bado mbichi, ikabanwa kwa vigingi vifupi vya mti vilivyopigiliwa kuzunguka ukingo. Ngozi ikikauka hujikaza yenyewe. Wapigaji huingia uwanjani ngoma zikiwa vichwani huku wakizipiga kwa fimbo mbilimbili, kisha huzitua kwa umbo la nusu duara. Idadi yake haigawanyiki kwa mbili, maana moja hukaa katikati peke yake. Hiyo ya katikati ni inkiranya, nayo ndiyo inayoongoza. Amashakwe hushika mdundo usiobadilika, na ibishikizo hufuata zamu za inkiranya. Wapigaji hupokezana katikati, kila mmoja akiruka na kucheza kabla ya kuchukua fimbo. Anayezoea kusikiliza bendi atatambua mpangilio huu mara moja: kuna anayeshika msingi, kuna anayeitikia, na kuna anayetoka mbele kuonyesha ufundi wake.

Kando ya ngoma palikuwa na ala za sauti ndogo ambazo eneo zima, kuanzia Buha hadi Burundi na Rwanda, lilizitumia kwa majina yanayokaribiana: inanga, ubao wenye nyuzi unaopigwa mwimbaji akiwa ameketi; umuduri, uta uliofungwa kibuyu; na ikembe, kisanduku chenye vipande vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba. Mwimba inanga wa Burundi hunong'ona badala ya kupaza sauti, na msikilizaji hulazimika kusogea. Ngoma ya uwanjani na inanga ya sebuleni zilikuwa dunia mbili, moja ya umma na nyingine ya faragha. Wasomi wa muziki wamevutiwa na zote mbili, lakini ni ya kwanza iliyosafiri.

Ukoloni uliikuta Buha ikiwa mbali na pwani, ukaichelewesha kidogo kisha ukaivuta kwa nguvu. Baada ya Wajerumani, jeshi la Ubelgiji liliingia mwaka 1916 na kuitawala sehemu hiyo hadi 1921, ilipokabidhiwa kwa Waingereza. Chini ya utawala wa Waingereza wami walibaki, lakini wakiwa watumishi wa serikali wanaokusanya kodi. Mwami aliyejulikana zaidi katika miaka ya mwisho ni Theresa Ntare wa Heru, mmoja wa wanawake wachache walioshika kiti cha uchifu Tanganyika, ambaye baadaye aliingia katika siasa za uhuru. Mwaka 1963 serikali ilifuta uchifu nchi nzima. Ngoma iliyokuwa ya ikulu ya mwami ikabaki bila ikulu. Katika Burundi jambo kama hilo lilitokea Novemba 1966, ufalme ulipopinduliwa na nchi kuwa jamhuri, ila huko serikali mpya iliwachukua wapiga ngoma na kuwafanya sura ya taifa. Tofauti hiyo ndogo ya kiutawala ndiyo inayoeleza kwa nini dunia inazijua ngoma za Burundi na haizijui za Buha, ingawa zimetenganishwa na mpaka uliochorwa na wageni.

Mwaka 1914 reli kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma, na meli ya Goetzen ikaungwa bandarini hapo, ile ile ambayo tangu 1927 imeitwa Liemba. Njia hizo mbili, ya chuma na ya maji, zilibadili muziki wa Buha kuliko amri yoyote ya serikali. Kwa upande mmoja zilitoa watu. Kodi ilidai fedha taslimu, na milimani hapakuwa na zao la biashara la kutosha, kwa hiyo vijana wa Kasulu na Kibondo walitembea kwa miguu hadi stesheni na kupanda treni kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Huko waliitwa manamba. SILABU, wakala wa kuajiri vibarua ulioundwa na wenye mashamba mwaka 1944, uliwasajili kwa maelfu. Ugonjwa wa malale nao uliwahamisha watu wengine: katika miaka ya 1930 serikali iliwakusanya wakazi wa sehemu kubwa za Kibondo na Kasulu kwenye makazi ya pamoja ili kuwaepusha na mbung'o. Kijiji kikivunjwa, na vijana wakiwa mkongeni kwa miaka miwili mitatu, ngoma inayohitaji watu wengi waliofundishana tangu utotoni hupungukiwa.

Mkongeni siku ya Jumapili kila kabila lilicheza ngoma yake, na kila kabila liliangalia za wenzake. Waha walikutana na Wazaramo, Wazigua, Wanyamwezi na Wamakonde katika kambi moja. Hapo ndipo mtu aliyekulia Muhambwe alipoona kwa mara ya kwanza ngoma zilizochezwa na vyama vyenye ngazi, vyeo na sare. Beni, iliyoanzia pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19 kwa kuiga bendi za kijeshi za Wazungu, ilikuwa imeenea bara kupitia askari na wapagazi wa Vita ya Kwanza ya Dunia. Vyama vyake viwili vikubwa, Marini na Arinoti, vilishindana kwa mavazi, kwa gwaride na kwa nyimbo za kejeli. Beni ilifuata reli hadi Tabora na Ujiji, ikavuka hadi Kongo. Ilikuwa shule ya kwanza ya Waafrika wengi kuelewa kwamba tarumbeta na ngoma ya kigoda zinaweza kukaa pamoja bila mmoja kumfukuza mwenzake.

Kwa upande mwingine reli na meli zilileta sauti. Kutoka Albertville, mji unaoitwa Kalemie siku hizi, wafanyabiashara na wanamuziki walivuka ziwa kuja Kigoma, na kutoka Dar es Salaam zilikuja santuri. Kuanzia 1933 kampuni ya HMV ilitoa mfululizo wa santuri za GV, nyingi zikiwa na muziki wa Kuba wa aina ya son, zilizouzwa Afrika Magharibi, Kongo na Afrika Mashariki. Rumba ya Kongo ilizaliwa kwa kuzisikiliza. Dar es Salaam Jazz Band ilikuwa imeanza mwaka 1932, Morogoro Jazz ikafuata 1944, na Cuban Marimba ya Salum Abdallah mwaka 1948 ilibeba hata jina la Kuba. Katika Mkoa wa Magharibi wa wakati huo, uliojumuisha Kigoma na Tabora, bendi zilichipuka kando ya reli. Western Jazz, iliyojulikana kwa mtindo wa Saboso, ilichukua jina lake kutoka mkoa huo.

Inafaa hapa kutazama Meksiko, nchi iliyopitia mapema, na kwa njia nyingine, suala hilo la kukutanisha ngoma za kijijini na ala za kigeni. Baada ya mapinduzi yaliyoanza 1910, serikali yake iliamua kwamba utaifa utajengwa pia kwa muziki. Carlos Chávez aliongoza okestra ya simfoni jijini Mexico City kuanzia 1928 kwa miaka 20, na aliwahimiza vijana kutafuta malighafi vijijini. Mmoja wao, José Pablo Moncayo, alikwenda na mwenzake Blas Galindo hadi Alvarado, jimbo la Veracruz, kusikiliza wachezaji wa huapango, ngoma inayochezwa kwa kukanyaga jukwaa la mbao. Matokeo yake ni kazi ya Huapango, iliyopigwa kwa mara ya kwanza Agosti 15, 1941, na sasa karibu kila Mmeksiko anaitambua. Moncayo aliunganisha nyimbo tatu za kijiji, akampa mpiga kinubi sauti ya kinubi cha Veracruz, na mahali pamoja akawafanya tarumbeta na tromboni wajibizane kama waimbaji wawili wanaotupiana mafumbo. Mdundo wake hupishana kati ya hesabu ya mbili na ya tatu, kama miguu ya wachezaji. Galindo alikuwa amekwishaandika Sones de Mariachi mwaka 1940. Zaidi ya miaka 50 baadaye Arturo Márquez aliandika Danzón Namba 2, mwaka 1994, akitumia dansi ya Kuba iliyokuwa imeingia Veracruz kwa bahari.

Danzón na son zote ni za Kuba, na son ndiyo iliyokuwa ndani ya santuri za GV. Kwa maana hiyo bandari ya Veracruz na bandari ya Kigoma zilinywa kisima kimoja. Tofauti iko katika aliyechota. Meksiko ilikuwa na mtunzi mwenye karatasi ya noti, chuo cha muziki na okestra ya wapigaji wengi inayolipwa. Afrika Mashariki ilikuwa na mpiga gitaa aliyejifunza kwa sikio, baa, na muajiri aliyekuwa tayari kununua vyombo. Kwa hiyo neno okestra lilipofika Tanzania lilishuka kwenye jumba la dansi: Mlimani Park Orchestra, Orchestra Maquis, Orchestra Makassy. Okestra ni magitaa matatu au manne, besi, dramu, tumba, saksafoni, tarumbeta na safu ya waimbaji. Hakuna sababu ya kuliona neno hilo limeshushwa hadhi. Kazi iliyofanywa na okestra hizo ilikuwa ile ile ya Moncayo: kuchukua ngoma ya kijijini na kuipa ala ambazo haikuzaliwa nazo.

Kulikuwa pia na watunzi wa kuandika noti katika ukanda huu, na karibu wote walipitia kanisani. Kwa miongo mingi wamisionari waliifungia ngoma nje ya mlango wa kanisa. Mababa Weupe katika vituo kama Kabanga, karibu na Kasulu, walileta nyimbo za Kilatini, na Waanglikana waliofika Buha kupitia misheni ya Australia walileta tenzi zilizotafsiriwa kwa muziki wa Kiingereza. Waumini waliimba kwa sauti nne wasizozizoea na wakazizoea. Mabadiliko yalianza kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikani kuruhusu. Huko Kamina, Kongo, kasisi Guido Haazen na kwaya yake walitoa Missa Luba, iliyorekodiwa 1958, misa ya Kilatini juu ya mapigo na nyimbo za Kongo. Tanganyika, Padri Stephen Mbunga alitunga Misa Baba Yetu na mwaka 1963 akachapisha kitabu kilichotetea muziki wa Kibantu mbele ya sheria za Kanisa. Desemba mwaka huo huo Mtaguso ulipitisha hati ya liturujia iliyoruhusu muziki wa asili wa watu mbalimbali.

Uganda ilitoa mfano mkubwa kuliko yote. Joseph Kyagambiddwa, aliyekuwa amechapisha mwaka 1955 kitabu juu ya muziki wa Baganda, alitunga oratorio ya Mashahidi wa Uganda kwa sauti, ngoma na marimba, ikaimbwa Roma mwaka 1964 mashahidi hao walipotangazwa watakatifu. Ni kazi ndefu, iliyoandikwa noti kwa noti, na msingi wake wote ni ngoma za Buganda. Katika vigango vya Kasulu na Kibondo athari ya miaka hiyo ilikuwa ya kawaida zaidi, na kwa sababu hiyo ilikuwa pana zaidi: ngoma iliingia kanisani Jumapili, kwaya ikaruhusiwa kuyumba, na mwalimu wa kwaya akaanza kutunga mwenyewe kwa mkono wa tonik solfa. Kwaya ndiyo okestra pekee ambayo kijiji kinaweza kuimudu.

Nchi ilipopata uhuru, suala la ngoma lilihamia Ikulu. Desemba 10, 1962, katika hotuba yake ya kwanza kama Rais wa Jamhuri ya Tanganyika, Julius Nyerere alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Aliwasikitikia wasomi waliojua kucheza rumba, chachacha na twisti lakini hawakuwahi hata kusikia gombesugu, mangala, nyang'umumi, kiduo au lelemama. Kikundi cha Taifa cha Ngoma kikaundwa katika miaka ya 1960, na mwaka 1981 Chuo cha Sanaa kikafunguliwa Bagamoyo. Katika vijiji vya ujamaa, ambavyo Kigoma ilivipata mapema kupitia Operesheni Kigoma ya 1972, kila mgeni wa serikali alipokewa kwa ngoma. Maneno ya zamani ya kumsifu mwami yalipisha maneno ya kusifu chama, na mapigo yakabaki yale yale. Hili huchekwa na baadhi ya wakosoaji kama unafiki wa wasanii, na si haki. Mpiga ngoma wa mwami naye alikuwa akisifu aliyempa chakula.

Bendi nazo zilipata mwajiri mpya. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi cha NUTA kiliunda NUTA Jazz Band, wanamuziki wakapata mshahara wa mwezi, na wakachagua mtindo wa Msondo, jina la ngoma ya Wazaramo inayohusika na unyago. Chama kilipobadilika kuwa JUWATA na baadaye OTTU, bendi nayo ilibadilika jina kila mara, lakini Msondo ulibaki, na mwishowe likawa jina la bendi yenyewe. Mwaka 1978 kampuni ya usafirishaji ya TTTS ilianzisha Mlimani Park Orchestra kwa kuwachukua wanamuziki kadhaa wa JUWATA, akiwamo mwimbaji Muhiddin Maalim Gurumo. Bendi hiyo ilijiita Sikinde, nayo pia ni ngoma ya Wazaramo. Ilipofika 1983 ikahamia Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC. Polisi Jazz walikuwa na Vangavanga, Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo walikuwa na Chakachua, Vijana Jazz walikuwa na Pambamoto. Mtindo ulikuwa nembo: bila mtindo bendi ilikuwa kama timu isiyo na jezi.

Namna ngoma ilivyoingia ndani ya wimbo inasikika vizuri katika muundo wa Sikinde. Nusu ya kwanza huenda taratibu: waimbaji wanasimulia kisa, cha ndoa mara nyingi, na gitaa la solo linawajibu kwa upole. Kisha huja chemko. Mwendo huongezeka, maneno hupungua hadi kiitikio kimoja, ala za upulizaji huanza kurusha vifungu vifupi vinavyojirudia, na mpiga tumba, aliyekuwa amejificha, sasa ndiye anayewaongoza wachezaji. Katika chemko tumba hufanya kazi ya ngoma kubwa, gitaa la ridhimu hufanya kazi ya ngoma ndogo isiyobadilika, na gitaa la pili hujaza nafasi iliyobaki kati yao. Mtu aliyewahi kusimama kwenye nusu duara ya ngoma za Warundi angejua kila mmoja wao amekaa mahali pa nani.

Hata hivyo mitindo iliyovuma ilitokana zaidi na ngoma za Uzaramo na pwani, na jina la ngoma ya Kiha halikupata nafasi kama hiyo. Sababu haikuwa upungufu wa ngoma. Vyombo vya umeme vilinunuliwa kwa fedha za kigeni, na mashirika yenye kibali cha kuvinunua yalikuwa Dar es Salaam. Radio Tanzania, iliyorekodi bendi na kuzipigia nchi nzima, ilikuwa Dar es Salaam. Wanamuziki walioishi Dar walisikia msondo ukipigwa mtaani Magomeni na Kigogo, si inkiranya. Kigoma mjini ilikuwa na bendi zake, na wanamuziki wa Kongo waliendelea kuingia nchini: Ndala Kasheba alikuja na Orchestra Fauvette mwaka 1968 na kuwa jina kubwa la gitaa Tanzania. Lakini waliotoka Kongo walipita wakielekea mashariki, kama manamba kabla yao.

Kasulu na Kibondo, zilizo juu ya mji wa bandari, zilikuwa na tatizo zito zaidi la kawaida kabisa: umeme. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 2020 wilaya hizo ziliendeshwa kwa jenereta za dizeli, nje ya gridi ya taifa. Barabara ya vumbi kwenda Nyakanazi ilikuwa ngumu wakati wa masika. Bendi ya watu 12 yenye spika nzito ililazimika kubeba jenereta yake au kuomba ya mtu, na kiingilio cha wakulima wa maharage na kahawa hakikuweza kulipa gharama hiyo usiku hadi usiku. Historia ya muziki huandikwa mara nyingi kana kwamba vipaji pekee ndivyo vinavyoamua. Katika nyanda hizi dizeli iliamua mengi.

Ngoma yenyewe, ambayo haihitaji dizeli, ilirudi kwa njia ya misiba. Wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972 walipitia Kigoma kabla ya kupelekwa Ulyankulu, Katumba na, baadaye, Mishamo. Baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye Oktoba 1993, maelfu walivuka na kuingia moja kwa moja Kibondo, Kasulu na Ngara. Kambi za Mtabila na Nduta zilijengwa muongo huo, na Nyarugusu, iliyofunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongo, ikawa baadaye ya mataifa mawili. Radio Kwizera ilianza kutangaza kutoka Ngara mwaka 1995, ikisikika Kibondo na Kasulu kwa Kiswahili na Kirundi. Wimbi jingine lilikuja 2015, Nduta ikafunguliwa upya, na Mtendeli huko Kakonko ikapokea watu kuanzia Januari 2016.

Katika kambi hizo vijana waliozaliwa nje ya Burundi walifundishwa ngoma na wazee wao. Siku ya Wakimbizi Duniani, Juni 20, nusu duara ile ile ilionekana kwenye uwanja wa vumbi jekundu, wapigaji wakiwa wamefunga vitambaa vya nyekundu, nyeupe na kijani. Wenyeji waliokuja kutazama walielewa maneno bila kutafsiriwa. Mha wa Kasulu hakuiona ngoma hiyo kama kitu cha kigeni kabisa, na hakuiona kama yake kabisa.

Wakati huo huo ngoma hiyo ilikuwa imekwishazunguka dunia. Kampuni ya Ocora ya Ufaransa iliitoa kwenye santuri mwishoni mwa miaka ya 1960. Rekodi hiyo ikawekewa piano na gitaa katika Burundi Black ya mwaka 1971, Joni Mitchell akaitumia 1975, na bendi za vijana wa Uingereza zikaiga mapigo yake mwanzoni mwa miaka ya 1980, bila wapigaji waliorekodiwa kupata sehemu inayostahili ya mapato. Wapigaji wa Burundi walifika Uingereza kwenye tamasha la kwanza la WOMAD mwaka 1982. Mwaka 2014 UNESCO iliandikisha ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi usioshikika wa binadamu. Miaka mitatu baadaye, Oktoba 2017, serikali ya Burundi ilitoa amri inayopiga marufuku wanawake kupiga ngoma hizo na inayotaka kila onyesho liombewe kibali na kulipiwa ada. Ngoma ilirudishwa karibu na kiti cha mtawala, mahali ilipoanzia.

Upande wa Tanzania, sauti ya Kigoma ilirudi redioni bila okestra. Mwaka 2012 wasanii wenye asili ya mkoa huo, akiwamo Diamond Platnumz, walijiita Kigoma All Stars na kutoa Leka Dutigite, wimbo wenye jina la Kiha uliochezwa katika kumbi za nchi nzima. Ulikuwa muziki wa studio, wa kizazi cha Bongo Fleva, na ulifanikisha kwa lugha jambo ambalo bendi za miaka 40 iliyotangulia hazikulifanya kwa mdundo.

Kambi ya Mtendeli ilifungwa mwaka 2021 na waliobaki wakahamishiwa Nduta. Mwaka 2022 umeme wa gridi ya taifa ulianza kufika katika mkoa wa Kigoma, na barabara ya lami kwenda Nyakanazi ikaendelea kujengwa. Bendi kubwa za dansi zimebaki chache hata Dar es Salaam, kwa hiyo okestra ya Kiha iliyokosa kuzaliwa miaka ya 1970 haitarajiwi kuzaliwa sasa. Kinachowezekana, na ambacho halmashauri za Kasulu na Kibondo, kwaya za parokia na chuo cha Bagamoyo wanaweza kukifanya kwa gharama ndogo, ni kurekodi mapigo ya wazee waliobaki na kuyaandika noti kabla mtunzi yeyote hajayahitaji.